Raba za Makhanu

Mimi nikiona silikoni kwenye dirisha la gari, roho inanichafuka. Mtu mzima mwenye akili zake anachukua gundi ya kuzibia sinki, anaipaka kwenye ukingo wa kioo kama siagi kwenye mkate, halafu anashangaa kwamba kioo hakishuki. Nimeshona viti na kubadilisha raba za magari hapa Nakuru tangu mwanangu Kibii akiwa mgongoni. Sasa Kibii ana ndevu, lakini kila mvua ndefu ikianza bado naletewa silikoni. Huwa nawaambia wenye magari bila haya: mliyoyapaka mtayabandua wenyewe.

Pikapu ya Makhanu ilikuwa na silikoni kwenye milango yote miwili. Juu ya silikoni alikuwa amebandika selotepu, na juu ya selotepu, upande wa abiria, alikuwa ameshindilia kipande cha nailoni kilichokatwa kwenye gunia la mbolea. Nilipokutana na gari hilo barabarani nilikuwa natazama upande wa pili.

Mwenyewe ni mtu mzuri, na nalisema hilo mapema kabla sijaanza kumsema. Anaitwa Nicodemus Makhanu, lakini hapa mtaani ni Baba Shantel. Babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli, baba yake akazeekea kwenye karakana ya reli hiyo hiyo, na yeye alipokua akakuta kazi za reli zimeisha, akanunua pikapu. Anabeba maranda na mabanzi kutoka viwanda vya mbao vya Elburgon. Maranda anawapelekea wafugaji wa kuku wa Lanet na Bahati wakatandikie vifaranga, mabanzi anawauzia wanaojenga vibanda. Ni mrefu, mpole, na ana miguu mikubwa ajabu. Jua liwake au mvua inyeshe, utamkuta kwenye gambuti zile zile, buti za tope, kwa sababu viatu vya madukani havimwingii. Mimi humtania kwamba akikanyaga breki anakanyaga na klachi. Yeye hucheka tu, hana maneno mengi.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, imemzidi binti yake Shantel umri. Injini inapiga vizuri, hilo sikatai. Lakini raba za milango zilikuwa zimekauka hadi zikapasuka, na zile za kubana vioo zilikuwa zimebaki vipande vipande. Akikimbia kidogo, upepo ulipiga mluzi kwenye nyufa na vioo vikagongagonga ndani ya milango hata usisikie redio. Mvua iliponyesha, ilinyesha nje na ndani. Kila mwaka nilimwambia alete gari nilitengeneze. Kila mwaka akaniambia, "Kesho, fundi."

Basi Jumatatu moja ya mwezi wa nne akaja mwenyewe bila kuitwa. Akaegesha mbele ya kibanda changu, akashuka, akasimama na kofia mkononi.

"Zeddy, nataka raba," akasema.

"Raba gani?"

"Zote. Za milango, za vioo, juu na chini. Nyeusi, mpya, kushoto na kulia."

Nikaweka sindano chini. "Baba Shantel, nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Kuna mtu nabeba Jumamosi."

"Mtu gani huyo wa kubadilishiwa raba? Ni gavana?"

Akatazama gambuti zake. "Ni mama mkwe."

Hapo sikumtania tena. Nilijua habari ya mama mkwe wake, maana mkewe Naliaka ni rafiki yangu na amenieleza mara nyingi tukimenya viazi. Mimi ni Mkalenjin na sisi tuna adabu zetu, lakini adabu za Wabukusu ni shule nyingine. Kwao, mama mkwe na mkwe hawapeani mikono. Hawaketi karibu, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Siku hizi watu wengi wa mjini wameachilia, utawaona mama mkwe na mkwe wamekumbatiana kwenye harusi wakipigwa picha. Mama yake Naliaka hajaachilia. Jina lake ni Nakhumicha, ila wajukuu humwita Kukhu, yaani nyanya, na sisi wengine tumefuata. Anaishi Elburgon, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe aliyekuwa mpasuaji mbao. Ni mama wa kanisa la Marafiki, na kuna mhubiri kijana aliyewahi kumwambia kwamba mila hizo zimepitwa na wakati. Alimjibu kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zake, hakufa kwa ajili ya adabu zake.

Makhanu alikuwa hana shida na adabu hizo. Shida yake ilikuwa mvua ya mwaka juzi.

Siku hiyo alikuwa amemchukua Kukhu Elburgon kumleta Nakuru kuwatembelea. Pikapu ina kiti kimoja kirefu, kwa hivyo walikuwa wamepatana tangu zamani: Makhanu kwenye usukani, Naliaka katikati, Kukhu dirishani. Walipokaribia Njoro mvua ikafunguka. Maji yakaingia kwa dirisha la kushoto, yakamlowesha Kukhu bega, mapaja, mpaka kitambaa cha kichwa. Makhanu alitaka kufa kwa aibu. Akamwambia Naliaka amwambie mama pole. Kukhu akamwambia Naliaka amwambie kwamba si kitu. Tangu siku hiyo Kukhu hakupanda tena gari la mkwe wake. Ukimwalika, kuku wametaga. Ukimwalika tena, magoti. Mara ya tatu ni mkutano wa akina mama wa kanisa.

"Alikasirika," Makhanu akaniambia. "Na ana haki. Nilimbeba kama gunia ya maranda. Hapana, maranda nafunika na turubai."

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza aje, Zeddy? Na mdomo gani?"

Kweli, hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kama angekuwa mtu mwingine yeyote angemfuata, akamwomba msamaha, yakaisha. Mama mkwe hafuatwi. Miaka miwili mizima amekaa na neno hilo moyoni, na ni mtu anayepita Elburgon karibu kila siku. Huwa anashusha mabanzi nje ya lango la Kukhu awashie moto, kisha anaondoka bila kubisha hodi.

Sasa Jumamosi kulikuwa na wageni. Kijana anayemtaka Shantel, mmoja wa watu wetu anayeitwa Kipyegon, alikuwa anakuja na wazee wake kujulikana nyumbani. Naliaka alikuwa amesema wazi kwamba bila nyanya wa msichana kuketi mahali pake, wageni watakunywa chai warudi kwao bila jibu. Kukhu alipopigiwa simu alisema tu, "Mwambie mtu wako anichukue."

"Unaona?" Makhanu akaniambia. "Amekubali. Akilowa mara hii, Zeddy, sitamwona tena mpaka mazishi."

"Si umtafutie teksi?"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kukhu apande gari ya mtu mwingine, na mimi niko na gari?"

Nikamwambia alete bisibisi.

Kupata raba zenyewe kulikuwa na kazi yake. Gari la umri huo halina raba za dukani. Wenye maduka ya vipuri wanakutazama kana kwamba umeulizia meno ya mtu aliyekufa. Makhanu alizunguka Nakuru yote. Aliletewa za pikapu mpya, zikawa fupi. Aliletewa za gari dogo, zikawa nyembamba. Jumanne jioni nilikuwa kwao nikipima milango upya, na Naliaka alikuwa kwenye simu na mama yake. Mtandao wa Elburgon ukiwa na mvua ni wa kupigiwa kelele, na Naliaka alikuwa anapiga kelele hasa.

"Yuko sawa, mama! Anahangaika tu na raba! Raba! Amezunguka tao yote! Anataka nyeusi, kushoto na kulia! Zote anapata ni ndogo!" Kisha simu ikakatika, akarudi kwenye sufuria zake.

Mwishowe mimi ndiye niliyezipata. Raba za kuzunguka milango nilizitoa kwa fundi mwenzangu anayechinja magari makuukuu kule njia ya Salgaa. Alikuwa na pikapu kama ya Makhanu, iliyogongwa nyuma, mbele ikabaki nzima, na mwenyewe alikuwa ameiweka ndani, kwa hivyo jua halikuwa limezila. Za kubana vioo nilinunua zile za madirisha ya basi zinazouzwa kwa mita, nikazipunguza unene kwa wembe, pole pole. Hiyo sikufundishwa na mtu. Niligundua baada ya kuharibu nyingi.

Jumatano tukafungua milango. Nilimlazimisha abandue silikoni yake mwenyewe kama ilivyo sheria yangu, na alibandua bila kunung'unika, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa shule. Tukang'oa mkono wa kuzungushia kioo, tukatoa ubao wa ndani wa mlango. Kumbe ndani kulikuwa na shamba. Maranda ya miaka yote yalikuwa yameingia kupitia pale pembeni mwa kioo, yakanywa maji, yakashikana kama ugali. Kulikuwa na penseli ya seremala, kibanio cha nywele, na beji ya shule ya msingi ya Shantel.

"Hii ilitafutwa!" Makhanu akasema, akaipangusa kwa shati. "Alichapwa kwa sababu ya hii." Akaitia mfukoni, akaendelea kuchota maranda.

Nikamwonyesha ubaya ulikokuwa. Chini ya mlango wa gari kuna matundu madogo. Maji yoyote yanayopenya pembeni mwa kioo yanateremka ndani ya mlango na kutokea hapo. Matundu yake yalikuwa yamezibwa na maranda kabisa. Kwa hivyo maji yaliyomwagikia Kukhu siku ile hayakuwa ya mvua peke yake. Mlango ulikuwa umejaa kama ndoo, ukamwaga.

"Kwa hivyo ni maranda yangu," akasema.

"Ni maranda yako."

Akatikisa kichwa. Nadhani alifarijika kidogo kujua alilokosea.

Kutia raba mpya si nguvu, ni subira. Unaipaka maji ya sabuni iteleze. Unaanzia kona, unaisukuma ndani ya mfereji wake kwa kidole, na hata siku moja huivuti. Ukiivuta itaonekana imekaa vizuri, utajipongeza, na baada ya siku mbili itanywea na kukuachia pengo kwenye kona. Nilimweleza hivyo. Nilipogeuka kuchukua kisu, nikamkuta anavuta.

"Baba Shantel! Hiyo ni raba ama ni ng'ombe?"

"Ilikuwa inabaki ndefu."

"Iache ibaki ndefu! Isukume ijikunje. Raba inataka kusongamana kidogo, ndio ishike."

Akaitoa yote akaanza upya, na mara hiyo aliisukuma kwa vidole vyake vinene, taratibu, akipumua kwa mdomo. Alipomaliza tulifunga milango. Ule mlango ambao ulizoea kulia kama sufuria iliyoanguka, sasa ulisema "dup". Akaufungua akaufunga tena. Akaenda upande wa pili akaufunga ule mwingine. Nilimwacha acheze, kwa sababu hata mimi napenda sauti hiyo.

Kisha nikamfungia ndani, nikapanda kwenye stuli na mtungi wa maji, nikammwagia. Nilimwaga juu, pembeni, kwenye kona. Kona ya kushoto ilivuja tone moja, nikaifungua nikairudia. Mara ya pili hapakuwa na kitu. Alishuka akiwa mkavu, akajipapasa mabega yote mawili, akacheka. Sijawahi kumwona akionyesha meno hivyo.

Ijumaa jioni Naliaka akanijia na unga mikononi.

"Zeddy, wewe ndiye utaenda Elburgon kesho."

"Mimi? Kufanya nini?"

"Kukaa katikati. Mimi niko na wageni, niko na sufuria, siwezi. Na hao wawili hawawezi kukaa bila mtu katikati." Akacheka. "Wewe si ndiye fundi wa raba? Basi kesho raba ni wewe."

Ningekataa, nilikuwa na viti vya watu. Lakini moyoni nilitaka kuona kama ile kona itashika.

Tuliondoka asubuhi. Elburgon palikuwa na baridi ile ya msituni inayokuingia kwenye goti, na mawingu yalikuwa yamelala juu ya viwanda vya mbao. Makhanu alisimamisha gari nje ya lango, akashuka, akazunguka nyuma akasimama akitazama barabara, mgongo kwa nyumba, kama mlinzi. Mimi nikaingia kumwita Kukhu. Alikuwa tayari: leso mabegani, kitambaa cheupe kichwani kilichofungwa kikafungika, begi la nguo, na mfuko mweusi alioukumbatia asikubali nimshikie. Ni mwembamba na mdogo, hata hafiki begani kwangu.

"Mulembe, mwanangu," akanisalimu. "Wewe ndiye unakaa katikati?"

"Ni mimi, Kukhu."

"Umenenepa vizuri. Itafaa."

Tukapanda. Gia ilikuwa katikati ya magoti yangu, na kila Makhanu alipotaka kubadilisha ilibidi niombe radhi. Tulikuwa hatujaliacha soko vizuri mvua ilipoanza, kwanza matone makubwa ya kutisha, halafu yote kwa pamoja. Makhanu alishika usukani kwa mikono miwili. Hakuwa anatazama barabara tu, alikuwa anatupia jicho lile dirisha la kushoto, na mimi pia nilikuwa nalikagua kama polisi wa trafiki. Maji yalikuwa yanateremka kwenye kioo kwa nje. Kwa ndani, kona ilikuwa kavu. Ukingo ulikuwa mkavu. Bega la Kukhu lilikuwa kavu.

Ndipo tukagundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Gari lilikuwa kimya. Ule mluzi haukuwepo, vioo havikugonga, na sisi watatu tulikuwa tumefungiwa ndani pamoja na pumzi zetu. Zamani kelele ilikuwa inawasaidia hao wawili. Sasa hata mtu akimeza mate wenzake wanasikia. Makhanu akakohoa. Kukhu akakohoa. Mimi nikakohoa pia.

"Mwambie mkwe," Kukhu akasema mwishowe, akiangalia sakafu, "gari imenyamaza."

Nikamgeukia Makhanu. "Anasema gari imenyamaza."

"Mwambie ni raba mpya."

"Anasema ni raba mpya."

Kukhu akakubali kwa kichwa, ingawa sidhani alielewa. Tukaenda hivyo mpaka karibu na Njoro, na nikaona anaukaza ule mfuko mweusi kifuani. Halafu akaniegemea, akasema kwa sauti ya chini, ile ya kanisani.

"Mwanangu, nikuambie kitu, wewe peke yako. Ni hapa. Mvua ilinipata hapa."

"Ndiyo, Kukhu. Nilisikia. Pole sana."

"Maji si kitu. Mimi nimezeekea kwa nyumba ya mabati yenye matundu, maji nitaogopa? Ni kitambaa. Kilikuwa kimelowa, kinanidondokea kwa macho. Nikakitoa nikikamue. Nikasahau. Nikakaa kichwa wazi, mwanangu, mbele ya mkwe, hapa mpaka Ngata, hata Naliaka hakuniambia. Nilifika nikajiangalia kwa kioo, nikataka kulia. Nikasema, huyu mtu atarudi kuniheshimu aje? Ndiyo maana sikurudi."

Aliyasema kwa ajili yangu peke yangu, na kwenye gari lile kila neno lilimfikia dereva. Ungetaka kunong'ona siri ndani ya pikapu ya Makhanu ingefaa uje kabla sijaiziba. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Alikuwa amepunguza mwendo.

"Zeddy," akasema. "Mwambie sikuona."

"Anasema hakuona, Kukhu."

"Mwambie nilikuwa naangalia barabara. Mvua ilikuwa mingi, sikuona kitu chochote. Mwambie mimi nilifikiri amekasirika juu ya gari."

Nikamwambia. Kukhu akageuza uso kwangu, mdomo wazi. "Gari? Gari ilikosa nini?"

"Mwambie iliingiza maji."

"Si gari ya mizigo? Mwambie gari haina makosa. Mwambie mabanzi naona. Kila wiki nayaona."

Nilikuwa nawapelekea maneno huku na huku kama mtoto anayetumwa kwa jirani, na wao walikuwa wamekwisha kuyasikia kabla sijafungua kinywa. Lakini hakuna aliyeniambia ninyamaze, na mimi sikutaka kunyamaza. Nilifurahi, nasema ukweli. Miaka miwili kila mmoja amekaa upande wake akijilaumu, na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye amekasirika. Tulipofika Ngata mvua ilikuwa imepungua, na Makhanu alikuwa anaimba wimbo wa kanisa puani bila kujijua.

Nyumbani Naliaka alitupokea mlangoni, akamketisha mama yake kwenye kiti cha barazani. Akamshika bega la kushoto, akamshika mapaja. "Mkavu!" akasema, akanigongea kiganja. Wageni walikuwa bado. Makhanu alikuwa amesimama mbali kidogo, chini ya paa la jiko, suti yake ya kanisani ikimsubiri ndani na gambuti zake zimejaa tope.

Kukhu akanipa ule mfuko mweusi.

"Mpe mkwe," akasema. "Naliaka aliniambia kwa simu, mtu wetu anazunguka Nakuru yote akitafuta raba, nyeusi, kushoto na kulia, na zote ni ndogo. Nikasema, kwani Elburgon hakuna soko? Nimezunguka mpaka nikazipata."

Nikafungua mfuko. Ndani kulikuwa na raba. Viatu vya raba, vile vya kitambaa na kamba, vyeusi, vipya, kushoto na kulia, vikubwa kama mitumbwi.

Naliaka akafungua mdomo. "Mama, si hizo, mimi nilisema raba za..." Makhanu alikohoa kutoka kule jikoni, kikohozi kimoja kizito, na Naliaka akaufunga. Mimi nilikuwa nimejiuma shavu kwa ndani. Nikampelekea Makhanu, akazipokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, na niliporudi barazani hamu ya kucheka ilikuwa imeniisha.

Akakaa kwenye ngazi ya jiko, mgongo kwa Kukhu, akavua gambuti. Akatia mguu wa kulia. Ukaingia. Akatia wa kushoto. Ukaingia. Akafunga kamba, akabonyeza kwenye vidole kwa gumba, akabonyeza kisigino.

"Haiwezekani," Naliaka akaninong'oneza. "Mimi mke wake sijawahi kumnunulia kiatu kikamwingia. Huwa tunaenda na yeye."

Nikamwinamia Kukhu. "Kukhu, ulijuaje saizi yake?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga.

"Mwanangu, tangu amwoe Naliaka mimi naangalia miguu yake. Uso wake siujui vizuri. Miguu naijua."

Makhanu alisikia, kwa sababu alibaki ameinama pale pale, mikono kwenye kamba zilizokwisha kufungwa. Kisha akasimama. Alikuwa na mlango wa karibu wa kuingilia nyumbani, wa nyuma, lakini hakuutumia. Alizunguka akapita mbele ya baraza, macho yake kwenye lango, taratibu sana, hatua moja baada ya nyingine, kwenye saruji ambayo ilikuwa na maji kidogo. Kukhu aliinamisha kichwa akazitazama raba zikipita, kushoto na kulia, mpaka mwisho wa baraza.

Baadaye alikuja kuwapokea wazee wa Kipyegon akiwa na suti na raba, na hakuna mtu aliyemcheka, labda kwa sababu alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa dhahabu. Lakini kabla ya hapo, alipofika kwenye mlango wa mbele, alisimama na mkono kwenye kitasa, mgongo bado kwetu.

"Zeddy," akasema. "Mwambie asante. Mwambie hizi ndizo nilikuwa natafuta."

Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia.